Pigo Lililochelewa

Mtu asiyejua kupiga ngoma ana maneno mengi kuhusu ngoma. Nimezeeka nao hapa Tabora, nawajua. Atakuapia kuwa pigo fulani ni la mababu, na babu yake mwenyewe hakuwahi kugusa ngoma ila alipotaka kitu cha kukalia.

Mimi nilikuwa muuza mapigo. Usicheke. Kuna anayeuza karanga, kuna anayeuza maji, mimi niliuza mapigo ya ngoma. Enzi za vijiji vya ujamaa kila kijiji kilitakiwa kiwe na kikundi cha ngoma, maana hapakosi mkubwa wa kupokelewa, na mkubwa hapokelewi kimya kimya. Sasa watu wamehamishiwa pale juzi tu, huyu katoka huku, yule kule, hata choo cha jirani hawajui kiko wapi, watapatana kwenye ngoma? Kila mtu anapiga ya kwao. Mkubwa anashuka garini anapokelewa na kelele za mabati yanayoanguka. Mimi nikaiona riziki yangu hapo.

Nilikuwa na baiskeli na ngoma moja ndogo. Siku ya gulio nakaa pembeni mwa wauza tumbaku, napiga. Watu wanajaa. Wakishaanza kutikisa mabega, nikikaribia pale penyewe penye utamu, naacha. Naweka ngoma chini, nawasha sigara.

"Eh! Malizia basi!"

"Kuonja ni bure," nawaambia. "Kushiba kunauzwa."

Walinitukana sana. Lakini gulio lililofuata walikuja na wenzao.

Hilo pigo langu kubwa nililipata kwa shangazi. Mkono wake mmoja uliwahi kuvunjika ukaungwa vibaya. Wakitwanga watatu kwenye kinu kimoja, mama, jirani na yeye, mchi wa shangazi ulikuja nyuma. Wa kwanza, wa pili, halafu unangoja, unangoja, ndipo wa tatu unatua. Haukuchelewa kama mtu aliyepotea njia. Ulichelewa kama mtu anayejua kuwa chakula hakitaliwa bila yeye. Nikautia kwenye ngoma vilevile ulivyo, ukawa ndio muhuri wangu. Nilitaka mtu akilisikia popote, Urambo au wapi, aseme, hili la yule wa baiskeli. Sikutaka kingine duniani. Shangazi nilimpa nini? Sikumpa kitu. Hata kumwambia sikumwambia. Tuendelee.

Kwanza nimseme mpiga gitaa mmoja wa bendi ya mjini, ingawa hastahili wino. Viatu vyake vilichongoka kama pua ya panya buku. Akasikiliza, akasema, "Tupe sisi, ndugu. Tutakutangaza."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Akafikiri. "Wanaokuja dansini."

Waliokuja dansini walikuwa wake zao na mlevi mmoja. Nikapanda baiskeli yangu.

Nikaenda Kwihara. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la mtu asiyelima shamba la pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe unayekatia watu ngoma njiani?"

Nikampigia mpaka mwisho. Akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameshaamua, lakini akajitia kukunja uso, maana mnunuzi asiyekunja uso huona kama ameibiwa. Tukaafikiana mbuzi jike.

"Na litakuwa letu peke yetu?"

"Peke yenu."

"Apa."

Nikaapa. Mbuzi tukamla.

Miezi haikupita mingi nikawa Urambo, kijiji cha wakulima wa tumbaku. Manju wao, yaani kiongozi wao wa nyimbo, alikuwa mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Naye alilitaka lile lile. Mengine niliyompigia aliyaita ya kuchekeshea watoto.

"Peke yetu, mwanangu?"

"Peke yenu, mama."

Akanipa debe la asali. Nilijiambia kutoka Kwihara mpaka Urambo ni mbali, nani atajua?

Hapa ndipo ninapojidharau kuliko ninavyowadharau wao. Maana kwetu ngoma haiamuliwi na watu wenye karatasi. Vikundi viwili hupiga wakati mmoja, uwanja mmoja, kimoja upande huu na kingine upande ule, na watazamaji ndio mizani. Wanakimbilia penye utamu. Kikundi kilichobaki kinapigia vumbi, kimeshindwa. Nimezaliwa katika desturi hiyo, nimekua ndani yake. Kisha nikauza pigo moja kwa vikundi viwili.

Ikaja sherehe ya mavuno, uwanjani Tabora mjini. Kwihara upande huu, Urambo upande ule. Watu wanakimbia huku, wanarudi kule, mwanamke mmoja kapoteza kiatu. Kila kikundi kilikuwa kimeweka akiba silaha yake ya mwisho. Kwihara wakaitoa. Urambo wakaitoa.

Watu wakasimama katikati kama mbuzi kwenye njia panda. Huku pigo la tatu linangoja, na kule linangoja. Kisha yakatua pamoja, ardhi ikatingishika. Hakuna aliyekimbia tena. Mwenyekiti akageuza shingo kunitafuta. Mama manju naye akaniona.

"Wewe!" sauti ile ya kuita ng'ombe. "Si uliniapia?"

Nilikuwa nimeshashika usukani wa baiskeli mgeni rasmi aliposimama, akipiga makofi.

"Mnaona, ndugu zangu? Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Huu ndio ujamaa wenyewe! Nani kalitunga pigo hili?"

Hilo swali nililingoja tangu siku ya kinu. Mdomo wangu ulifunguka. Lakini nikimjibu, wale wawili wataniuliza mbele ya watu wote habari ya kiapo, mbuzi na asali. Nikainama kama mtu anayekagua mnyororo wa baiskeli.

Mwenyekiti akanitazama, akatazama kikundi chake. Kijiji kilichonunua ngoma kingechekwa mpaka Kigoma. Akasema, "Ni la wapagazi, ndugu mgeni rasmi. Babu yangu alilipiga akiwa na pembe ya ndovu begani."

Hapa kwetu kitu kisichokuwa na mwenyewe hupewa wapagazi, wale wabeba mizigo wa misafara ya zamani. Kisima, wapagazi. Wimbo, wapagazi. Na mpagazi mwenye pembe begani anapiga ngoma kwa mkono gani?

"Ndiyo," akasema mama manju, aliyetaka kuninyonga sasa hivi tu. "La wazee wetu wote."

Ikaamriwa vikundi vyote vya wilaya vijifunze.

Baadaye kidogo akaja afisa utamaduni Kwihara na mashine ya kunasa sauti. Nikavaa shati safi, nikaenda. Safari hii niliapa nafsini kusema, waniulize mbuzi wakitaka.

"Ndugu, pigo hilo nimelitunga mimi."

Mwenyekiti akacheka tumbo likicheka naye. "Huyu? Huyu mzurura magulioni."

"Una ushahidi?" akauliza afisa.

"Ninao. Waambie wapige."

Wakapiga, ngoma nyingi kwa pamoja. Nikangoja mchi wa tatu uchelewe. Haukuchelewa. Moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, kama watu wa gwaride.

"Mmelifanya nini?"

"Tumelinyoosha," akasema mwenyekiti. "Tukiwa wengi haliendi. Lilikuwa na kilema."

Afisa akanigeukia. "Ndilo lako?"

Nikawatazama, wale waliotoa mbuzi wakanunua utamu, kisha wakautupa utamu wakabaki na mifupa.

"Hapana," nikasema. "Hili si langu."

Limetoka redioni mara nyingi baada ya hapo, limenyooka, na mtu anaeleza kwa sauti ya kitabu habari za wapagazi.

Siku ile ya afisa nilirudi nyumbani nikamkuta shangazi kwenye kinu, peke yake. Nikakaa kizingitini nikamweleza yote, tangu mchi wake mpaka mashine ya afisa. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akapangusa jasho kwa ule mkono wake.

"Na asali," akasema, "uliila yote?"