Elva Tranter na Kurasa Mia Tatu za Rufaa

Elva Tranter alianza kushika sufu akiwa na miaka kumi na saba, na alipoiacha kazi hiyo akiwa na sabini na mmoja, vidole vyake bado vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Mafuta ya kondoo humpa mtu mikono ya namna hiyo, aitake asiitake. Kazi yake ilikuwa kupanga sufu madaraja. Mnyoaji akimaliza kondoo mmoja, manyoya yake hurushwa mezani yakiwa yameshikana kama blanketi, na Elva huyainamia. Huchuna kingo zenye mavi na kishonanguo, huvuta nyuzi chache, huzikung'uta karibu na sikio azisikie kama zina nguvu, kisha husema ziende wapi. Robota likijaa likashonwa, lilipigwa chapa ya namba yake, na tangu hapo, hata likivuka bahari, kilichokuwa ndani kilikuwa dhamana yake.

Hakuolewa. Aliishi katika nyumba ya mbao mwisho wa mji, na kando ya mto alikuwa na malisho aliyoachiwa na baba yake, ekari mia na kitu, ambayo aliyakodisha. Kodi ile ndiyo iliyomweka nyumbani kwake: ililipia kuni, nyama, na mama mmoja wa jirani aliyekuja asubuhi kumsaidia kuoga tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga.

Kuanguka huko ndiko kulikoleta kesi. Garth, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa analima upande wa pili wa ua wa malisho yale. Shangazi akiwa bado hospitalini, Garth alipeleka ombi kwenye baraza linaloamua mambo ya watu wasioweza kujisimamia. Alisema akili ya shangazi imeanza kuchuja, akaomba yeye awe mlezi wake na msimamizi wa mali yake. Wajumbe wa baraza walimsikiliza, wakamsikiliza na Elva, wakasema mama huyu anahitaji mkongojo na mtu wa kumbebea kuni, hahitaji msimamizi. Garth akakata rufaa. Mwezi wa nne rufaa ikatupwa.

Hapo watu walidhani yamekwisha. Lakini kesi nayo ina mkia, na mkia wake ni gharama.

Wakili wa Elva, Rosalba Ferrante, alikuja mwenyewe jikoni kumweleza. Katika mabaraza haya, alisema, desturi ni kila mtu amlipe wakili wake, ashinde ashindwe, ili ndugu wasiogope kuleta jambo la mzee wao. Desturi hiyo huvunjwa tu pakiwa na sababu ya pekee. Sasa Garth anadai anayo. Anaomba gharama zake zote za rufaa, dola elfu arobaini na mbili, zitoke kwenye mali ya shangazi, kwa kuwa alikwenda huko kwa ajili ya shangazi. Tena anasema shangazi ndiye aliyeirefusha kesi: aliandikiwa barua sita na hakujibu hata moja.

"Barua gani sita?" Rosalba aliuliza. "Bi Elva, ulizipata?"

Elva alionyesha kwa kidole sanduku la kuwashia moto, karibu na jiko. Zilikuwa humo, zimefungwa vilevile zilivyokuja.

"Nilizipanga," alisema. "Nilizishika, vidole vikaniambia ni mbovu, kama sufu mbovu."

Rosalba alivuta kiti akaketi. Kisha akamwambia bila kuficha. Hana akiba ya kulipa fedha zile. Baraza likikubali, itabidi malisho yauzwe. Mnunuzi aliye tayari ni mmoja, na yuko upande wa pili wa ua. Bila malisho hakuna kodi, na bila kodi nyumba hii ataiacha, ahamie nyumba ya kutunzia wazee katika mji mwingine, kilomita mia na sitini. Garth alikuwa ameshindwa mlangoni, na sasa alikuwa anaingilia dirishani.

Elva hakulia. Aliuliza kama yale makaratasi ya rufaa yote anaweza kupewa. Akaletewa: kurasa mia tatu na kumi na mbili, zimetobolewa na kufungwa kwa kamba.

Alikata kamba. Siku tatu mfululizo, kuanzia chai ya asubuhi hadi jua linaposogea nyuma ya tangi la maji, alisimama kwenye meza yake ya jikoni kwa mguu mmoja na nusu, akichukua karatasi moja moja, akiisoma juu, katikati na chini, kisha akiitupa upande wake. Col Buckmaster, mnyoaji mstaafu aliyefanya naye kazi miaka ishirini na minane, alikuja kila siku kunywa chai yake na kumcheka.

"Bosi, unatafuta kupe humo?"

"Natafuta kondoo," Elva alijibu. "Mpaka sasa naona kishonanguo tu."

"Mimi ningemnyoa huyo Garth bila kumfunga miguu."

"Wewe ulikuwa unawakata masikio hata waliolala. Kunywa chai."

Siku ya tatu alizitoa na zile barua sita kwenye sanduku la moto, akazifungua kwa kisu cha siagi. Alizisoma mara mbili. Kisha akampigia simu Rosalba, akasema anataka kuzungumza yeye mwenyewe mbele ya baraza, na anaomba meza ndefu.

Shauri lilisikilizwa saa nne asubuhi, katika jengo la mahakama la mji. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti alikuwa mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, jina lake Whitcombe. Wakili wa Garth, bwana mmoja wa mjini mwenye sauti nzuri, alizungumza nusu saa. Alisema mpwa mwenye huruma asiadhibiwe kwa huruma yake. Alisema barua sita zimeingia kwenye ukimya kama mawe kisimani, na mtu anayenyamaza huku mwenzake anatumia fedha hana budi kuzibeba. Garth alikaa nyuma yake, ameinamisha kichwa. Elva alipomtazama aliona kisogo cha kaka yake, kilekile, na moyo ukamuuma kidogo.

Ilipofika zamu yake, alikwenda kwenye ile meza kwa mkongojo. Rosalba akamwekea sanduku. Elva akatoa kurasa akazipanga mafungu matatu, akayanyoosha kingo kwa viganja, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Mheshimiwa, mimi ni mpanga sufu," alisema. "Sijui sheria. Lakini nikiletewa kitu wakaniambia ni sufu ya kondoo fulani, najua kuangalia kama ni kweli."

Aliweka mkono juu ya fungu la kwanza, jembamba. Kurasa kumi na tisa, alisema, hizi zinanihusu mimi: nyonga yangu, dawa zangu, siku niliyosahau birika jikoni. La pili kurasa arobaini na moja, mihuri na majina ya sheria, hizo hazina ubaya, kila robota lina gunia lake. Kisha akagusa la tatu, lililokuwa limesimama kama tofali.

"Hizi ni mia mbili hamsini na mbili. Ni ramani ya malisho yangu. Bei ya malisho yangu. Maji ya malisho yangu. Barua ya benki kuhusu malisho yangu. Nimezisoma zote nikijitafuta, simo."

Wakili wa Garth alisimama akasema kwa upole kwamba bado kuna suala la barua.

"Kosa hilo ni langu," Elva alisema. "Sikuzifungua. Mtu hapangi sufu kwa kushika gunia nje, na mimi nilifanya hivyo, kwa kiburi. Sasa nimezifungua. Barua nne kati ya sita haziulizi hali yangu. Zinaniomba niuze."

Akaziweka juu ya lile fungu la tatu.

Mwenyekiti alivua miwani. Akamuuliza wakili, katika kurasa zile mia mbili hamsini na mbili, ni upi unaosema neno juu ya mwili au akili ya Bi Tranter. Wakili alifunua nakala yake. Akafunua tena. Mwishowe akasema huenda usiwepo.

Wajumbe walitoka, wakarudi baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti alisoma polepole. Desturi ya kila mtu kubeba gharama zake ipo kwa ajili ya ndugu wanaokuja hapa kwa ajili ya mzee, alisema, na Bi Tranter hakufanya lolote la kuivunja. Lakini rufaa hii ililetwa kwa jina la mzee ili ipatikane ardhi yake, na hiyo ndiyo sababu ya pekee. Bwana Garth Tranter atajilipia gharama zake zote. Na za shangazi yake za rufaa, dola elfu kumi na moja, atalipa yeye pia.

Rosalba aliushika mkono wa Elva chini ya meza akaubana. Elva aliuacha ubanwe. Alikuwa ananyoosha mgongo, kidogo kidogo, mpaka akasimama bila mkongojo.

Nje, kwenye ngazi, Col alikuwa anamngoja, tai yake imekwenda upande. Garth alitoka nyuma yao, akasimama mbali kidogo.

"Shangazi," alisema. "Mimi nilitaka tu yale malisho yabaki kwenye ukoo."

"Yamo kwenye ukoo. Mimi ndiye ukoo," Elva alimwambia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Siku nyingine ukiyataka, mwanangu, njoo uniulize. Nitakukatalia bure, bila wakili."

Col akacheka mpaka akashika nguzo. Elva alishuka ngazi zote tano, moja baada ya moja, akiwaambia wote wawili wasimguse, na jua la mchana lilikuwa limejaa barabara yote hadi nyumbani kwake.