Nilihamia Linux kwa shingo upande, ikanitolea sauti ya bibi kwenye flash niliyoambiwa ni tupu

Wakuu, nawasalimu kutoka Mbinga, baridi inapiga na kahawa iko kwenye vichanja.

Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe. Sina kozi ninayouza, na mwishoni hamtakuta link ya kubofya.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa maswali. Hata kwenye mafundisho ya kipaimara niliombwa mengine niyatunze nyumbani.

Nimemaliza chuo, ajira naisubiri, na kwa sasa nina meza ndani ya steshenari ya mtu hapa mjini. Nachapa barua, naprint, natoa kopi.

Kuna jamaa yangu, Komba, tulikaa chumba kimoja chuoni. Wimbo wake ulikuwa mmoja tu: "Hamia Linux, kaka."

Namuuliza, mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, tena mzuri, unatolewaje bure? Nani analipa?

"Watu wanajitolea."

Hapo ndipo mashaka yakazidi. Huku kwetu hata choo cha shule hakichimbwi kwa kujitolea mpaka mtendaji apite na mgambo.

Lakini laptop yangu ilizeeka. Nikiiwasha, naenda kununua vitumbua, narudi, bado inajizungusha. Nikakubali kuweka Linux pembeni ya Windows, zote mbili ndani ya mashine moja.

Wakuu, ile kasi! Mashine ile ile, lakini utadhani imebatizwa upya. Na bando halikuisha kwa update nisizoziomba.

Sasa ubaya, maana sijaja kuhubiri.

Printer ya ofisini iligoma kabisa. Barua zilizochapwa kwenye Word zikifunguka huku, majedwali yanahama. Mzee mmoja wa Litumbandyosi aliangalia maombi yake ya kazi akaniuliza, "Kijana, hii barua imekunywa nini?"

Nikaona inatosha. Nikapanga kuifuta Linux nirudi nilikotoka.

Kabla sijafuta, akaingia shangazi Agnes kutoka Liuli.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nisaidie, wamemuua mama mara ya pili."

Akaweka flash mezani.

Mama yake, yaani bibi yangu Salome, alikuwa mwimbishaji wa kioda, ngoma ya kina mama wa ziwani. Alifariki mwaka jana. Nyimbo zake zilirekodiwa mara moja tu, zikawekwa kwenye flash hiyo.

Na mnajua tunavyoishi na flash huku. Haikai kwa mtu. Harusi Kihagara, inaazimwa. Kipaimara Mbamba Bay, inaazimwa. Kila sabufa na kila kompyuta ya ukanda ule imeionja. Na hakuna aliyewahi kutoa kopi, kwa sababu kila mtu alijua iko kwa mwenzake.

Jumamosi ile familia ilikuwa inasimika msalaba kaburini. Shangazi alishawaahidi wenzake kwamba bibi ataimba mwenyewe.

"Fundi wa kule kasema ni tupu, dawa ni kuiformat tu, kuifuta yote ianze upya. Nikamwambia akaanze kuformat ya mama yake."

Nikaichomeka upande wa Windows. Kulikuwa na shortcut moja tu. Ukibofya, error.

"Shangazi, nadhani zimefutika."

Hakulia. Alifungua khanga, akaifunga upya kiunoni, akakaa kwenye benchi la wateja akiangalia barabarani.

Nilishindwa kuvumilia kumwona hivyo. Nikawasha upande wa Linux, si kwa imani, bali kwa kukosa la kufanya.

Nikachomeka.

Likatokea folda lisilo na jina. Nikalifungua.

Nyimbo zote zilikuwamo. Zote, wakuu.

Nikabofya ya kwanza. Kikasikika kikohozi, halafu bibi akimgombeza mpiga ngoma: "We, unapiga au unatwanga?" Kisha akaanza kuimba.

Shangazi aliitikia palepale, akiwa amekaa, macho kayafumba. Kioda haina msikilizaji. Mwimbishaji akiita, unaitika. Mteja aliyekuwa anadai kopi zake akazisubiri mpaka wimbo ukaisha.

Nilimpigia Komba kutaka maelezo. Akasema kirusi hakikufuta kitu. Kilizisukumia nyimbo ndani ya folda lililofichwa, kikaweka shortcut yake mlangoni. Windows ilificha kama ilivyoamriwa, na ungebadilisha settings ungeziona huko huko. Linux haikuijali ile amri.

Kwa hiyo si muujiza. Nimeelewa kila hatua, na bado nikikumbuka kile kikohozi, mwili unanisisimka. Nilidhani ukishaelewa kitu, mshangao unaisha. Kumbe hapana.

Jumamosi pale Liuli, sabufa ikiwa kando ya msalaba, bibi aliita na wenzake wakamwitikia, wengine kwa vijiti mkononi. Nilisimama nyuma yao sina swali hata moja.

Wakati wa kuondoka shangazi akanishika mkono.

"Baba, yule fundi ameshaformat za watu wangapi?"



Nilichojifunza: kila mfumo una macho yake. Mashine moja ikisema hakuna kitu, iulize nyingine kabla hujafuta. Mimi sasa natumia zote mbili: Windows kwa barua na printer, Linux kwa mengine yote.

Wenye flash "tupu" zenye sauti za wazee wenu, msiziformat kwanza. Semeni hapa chini zinaonyesha nini, tuangalie pamoja. Na anayejua dawa ya printer kwenye Linux asipite kimya, wateja wananisema.