Afa Mara Tisa kwa Siku, Mama Mkwe Hajamsamehe

Saa tatu asubuhi, jua la Hollywood limeshakuwa kali, na Anselmo Urrutia anakufa kwa mara ya nne. Anadondoka kutoka paa la Paris ya mbao na plasta, anajigeuza hewani, anatua kwenye rundo la chumvi linalojifanya theluji. Anakohoa, anajipangusa, kisha anapanda ngazi akafe tena.

Anayemuua ni mshairi, Mfaransa mhuni wa zama za kale, mlevi na mwizi wa divai, anayetunga beti huku akiwachachafya askari wa mfalme kwa upanga. Ndiyo picha ya sinema inayopigwa hapa tangu mwezi jana. Urrutia, mwenye miaka 43, ndiye askari wa mfalme. Karibu wote ni yeye.

"Ndiyo maana sionyeshwi uso," anasema, akichokoa chumvi sikioni. "Watu wakishaniona nimekufa, kesho nitauawaje tena? Lakini mgongo wangu, ndugu yangu, huo ni maarufu."

Kazi hii humlipa dola saba na nusu kwa siku. Kwa miaka kumi na moja imemvunja mbavu tatu, kifundo cha mguu na, mwaka jana, amani ya nyumba yake.

Mwaka huo kamera ilimnasa uso kwa mara ya kwanza, katika picha ya maharamia. Alitakiwa afe akimlaani nahodha. Kwa kuwa picha hizi hazina sauti, waigizaji husema lolote linalowajia. Wengine hupanga chakula cha mchana huku wakichomana mapanga. Urrutia akayalaani maharage ya mama mkwe wake, yaliyokuwa yamemkaa tumboni tangu asubuhi.

Mama mkwe huyo, Petronila Bustamante, alipoteza usikivu kwa homa akiwa na miaka thelathini. Husoma midomo ya watu. Na kila Jumamosi, mvua au jua, yumo sinema.

"Maandishi kwenye pazia yalisema anamlaani nahodha," anaeleza, kwa sauti inayofika nyumba ya tatu. "Nahodha gani? Alinitaja jina! Mbele ya watu mia sita!"

"Hawakuelewa, Mama," binti yake Herlinda, mke wa Urrutia, anamwambia akimtazama usoni.

"Viziwi wenzangu wawili walielewa! Walicheka mpaka wakamwaga karanga!"

Tangu siku hiyo hampakulii mkwewe chochote. Barua ya kuomba radhi aliitumia kuwashia jiko. Urrutia akifungua mdomo, yeye anafumba macho.

"Sasa kiziwi aliyefumba macho utamwombaje radhi?" Urrutia anauliza, na hapo hacheki. "Mama yangu nilimzika nikiwa mdogo. Huyu ndiye niliyebaki naye. Nyumba imekuwa baridi kweli."

Alhamisi bahati ikamwangukia. Mzee aliyepangwa kufia mikononi mwa mshairi aliamka na shavu limevimba kwa jino. Mwongozaji akamnyooshea Urrutia kidole: "Wewe. Leo utakufa ukitazama huku."

Kamera ikasogezwa. Mpiga fidla, anayewekwa pale kuwatia waigizaji simanzi, akaanza wimbo wa huzuni. Mshairi akamwinua kichwa, na Urrutia akasema taratibu, neno baada ya neno, kwa Kihispania cha nyumbani: "Mama, maharage yako hayana kosa. Nilikula kwa pupa. Nisamehe mwanao."

Kisha akafa. Mwongozaji akavua kofia.

"Ulisema nini pale?"

"Habari za mfalme, bwana."

Kilichobaki ni mkasi. Picha imekuwa ndefu, na Jumatatu mkata filamu ataanza kupunguza. Urrutia ameshamfuata mara mbili.

"Namwomba sekunde nane tu," anasema. "Migongo yangu yote aitupe. Hizo nane aniachie, nikae karibu na mama nione kama atatabasamu."

Lakini je, hatafumba macho?

"Sinema?" Mama Petronila anang'aka. "Tikiti nimelipia mwenyewe, halafu nifumbe macho?"

Herlinda amemdokeza kwamba mna jambo lake katika picha hiyo, na kwamba mwenye mkasi huenda akalikata. Jambo gani, hakumwambia. Mama Petronila anasema hajali hata kidogo, ana kazi zake.

Mwandishi wa habari hizi anapoaga, mama huyo anamfuata hadi mlangoni na kumshika mkono wa shati. Kwa mara ya kwanza anajaribu kunong'ona, na majirani wote wanamsikia.

"Huyo mwenye mkasi," anauliza, "maharage anakula?"