Mistari Waliyoifuta Wote Wawili

Mwaka 1967, Homa Bay nzima ilijua kwamba barua nyeti hupigwa chapa kwa Bathsheba. Mama huyu Msabato alikuwa na taipureta moja, vidole vyepesi na mdomo mzito, na mdomo huo ndio uliomlisha. Siri ya mteja hakuitoa hata kwa dada yake.

Basi fikiria jinsi ilivyomuuma siku mwalimu Momanyi wa Rangwe alipoingia akitweta kwa hasira. Alikuwa ameleta riwaya yake ipigwe chapa, na Wangwe, karani wa Macalder, ameleta yake. Sasa mwalimu amemsikia Wangwe akiisimulia hotelini: kijana yuko kazini mbali, mama anaugua, kijana anarudi na kukuta kaburi. Kwa mwalimu, hiyo ilikuwa hadithi yake tupu.

"Dada, umempa huyo hadithi yangu," alisema. "Sabato hii nitalisema kanisani. Tuone nani atakuletea kazi tena."

Mwingine angemfukuza. Bathsheba alimpa kiti, akaenda mwenyewe hotelini kumwita Wangwe.

"Bila ruhusa yenu sifungui kitu," aliwaambia, akiweka madaftari yao mezani. "Kila mtu asome kwa mwenzake ule ukurasa wenye kaburi."

Wangwe alikubali. Mwalimu alilisukuma daftari lake kwa dharau.

Msomaji wa kitabu huona maneno yaliyobaki. Mpiga chapa huona hata yaliyokatwa. Chini ya wino wa Wangwe, mwalimu alisoma mstari uliofutwa: kijana amefika kwa wakati, anamnywesha mama yake uji. Naye Wangwe akasoma uliofutwa na mwalimu: kijana amefika, mama anamwita kwa jina. Wote wawili walianza kwa kumfikisha kijana nyumbani, kisha uongo ukawashinda.

Wangwe ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, wewe ulifika siku ya ngapi baada ya maziko?"

"Ya nne. Barua ilikawia."

"Mimi ya tatu. Nilikuta watu wameshanyoa nywele za msiba."

Mwalimu alivua miwani, akalia mbele yao bila kujificha. Bathsheba naye alilia, maana huruma ilimzidi.

"Nisamehe, dada," mwalimu alisema hatimaye. "Nipigie ule mstari niliofuta, kwenye karatasi yake peke yake. Usiutie kwenye kitabu."

"Nimwandikie nani?"

"Mimi."

Bathsheba aliupiga, akamkabidhi. Kisha akaingiza karatasi nyingine na kupiga ule wa Wangwe, bila kuombwa.