Mchanga na Majivu kwenye Dirisha la Mama

Madirisha ya alumini hayataki makubwa. Yanataka kitambaa laini, maji ya sabuni, na brashi ndogo ya kutolea mchanga kwenye reli, ile njia ya chini ambamo kioo huteleza. Ukiyatunza hivyo, yatakuzika. Maneno hayo niliwaambia wateja wangu wote, kuanzia Mbinga mjini mpaka Maguu, na wakifika kwenye "yatakuzika" walicheka. Siku hizi neno hilo silitamki.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima yetu na magari yao, maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Wakulima waliokulia kwenye madirisha ya mbao sasa walitaka vioo vinavyoteleza. Mimi nilikuwa nimejifunza kazi hiyo Dar es Salaam, nikarudi nyumbani na drili yangu na msumeno. Mafundi wa alumini tulikuwa wa kuhesabika. Nikapata kazi nyingi, na kiburi kikaja pamoja nazo.

Mama aliishi chini ziwani pamoja na mdogo wangu wa kike. Baba alikwisha kutangulia. Nyumba yao ya zamani ilikuwa na dirisha la mbao lenye bawaba zinazolia, na kila asubuhi mama alilisukuma, akalitazama ziwa, akavuta pumzi ndefu. Ukimwamkia kabla ya hapo hakuitika. Kifua chake kiliharibiwa na moshi wa kukaushia samaki tangu ujana, na upepo wa ziwa ndio uliokuwa dawa yake. Nilipomjengea nyumba mpya aliomba kitu kimoja tu, kwamba akiwa kitandani aweze kuliona ziwa na kupata upepo wake. Nikamwekea dirisha pana la alumini, lenye rangi ya kahawia. Siku ya kwanza alilisukuma kwa mikono miwili kama anafungua zizi, likaenda kugonga mwisho wa fremu. Tukacheka wote watatu.

Mwaka mmoja baadaye mzee mmoja wa Maguu alitaka nimwekee madirisha nyumba nzima, ila kwanza aone yaliyokwisha kupigwa na upepo na mvua. Nikamwambia twende kwa mama yangu. Nikatuma ujumbe ziwani: Jumamosi naja na mgeni, dirisha liwe safi. Basi. Nilikuwa nimewahubiria watu wa milimani habari za kitambaa laini, lakini mama yangu sikuwahi kumwambia neno. Mganga hajigangi.

Kwetu ziwani usafi wa mwanamke hutazamwa kwenye sufuria zake. Wanawake hushuka nazo ufukweni, huchota mchanga mwembamba, huuchanganya na majivu, halafu husugua kwa kipande cha wavu mkuukuu mpaka sufuria ikuumize macho. Bibi arusi mgeni akija, wakwe huanza na sufuria, sura baadaye. Na sufuria ni alumini, dirisha ni alumini. Mama alipiga hesabu yake akapata jibu. Siku mbili nzima alipanda na kushuka na ndoo ya mchanga, na kifua chake kile.

Tulipofika nikaona fremu imechubuka kwa duara duara, rangi ya kahawia imetoka, weupe umebaki. Kioo kilikwaruzwa mpaka kikawa kama kimepigwa ukungu. Reli ilijaa mchanga, na dirisha lilikwama katikati. Mama alisimama kando yake amevaa kitenge chake cha kanisani, majivu yakiwa bado kwenye kucha.

"Linang'aa, mwanangu, sivyo?"

Hasira hasara, nilifundishwa hivyo na yeye mwenyewe. Lakini siku ile nilipiga kelele mbele ya mgeni. "Mama, umeniharibia kazi! Hii ni sufuria? Kuanzia leo usiliguse dirisha langu. Hata kulifungua, usifungue. Likitaka kitu, niite mimi."

Nilisema "langu", ndani ya nyumba yake. Yule mzee wa Maguu akatazama viatu vyake. Mama akafuta mikono kwenye kitenge.

"Haya, fundi," akasema. "Nimesikia."

Hakuwahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo. Njiani tukirudi, yule mzee aliniambia kazi ananipa, ila angekuwa yeye ana mama aliye hai, angemwachia asugue nyumba nzima. Niliona ananiingilia.

Wiki iliyofuata nilishuka peke yangu. Nilitoa vioo, nikapiga brashi reli yote, nikazibua vitundu vya kutolea maji, nikabadilisha vigurudumu. Kioo kile kilichokwaruzwa nilikirudisha, nikisema nitaleta kingine. Likawa linakwenda kwa kuligusa tu. Mama aliniletea ugali na mbasa, samaki wa ziwa letu, nikala, tukaongea habari za mvua. Nikalifunga dirisha, nikaondoka bila kumwomba radhi. Nilijiona nimekwisha kuomba kwa mikono.

Masika yalinikuta kijiji cha Matiri, nikiweka madirisha kwenye nyumba kubwa. Dereva wa lori la mahindi akaniletea ujumbe wa mdogo wangu: mama kifua kimembana, amelala, anasema uje umfungulie dirisha. Mimi nikaelewa reli imejaa mchanga tena. Nakiri hapa kwamba nilikasirika. Nikasema moyoni, bibi huyu amesugua tena. Nikamjibu dereva, mwambie nitashuka nikimaliza vyumba viwili vilivyobaki. Kifua cha mama kilikuwa kikimbana kila masika, na kila masika kilimwachia.

Wiki moja baadaye dereva yuleyule alikuja na maneno yaleyale. Nilikuwa nimebakiza chumba kimoja.

Ujumbe wa tatu haukutaja dirisha.

Tulimzika mvua ikinyesha. Siku ya tatu, waombolezaji walipopungua, niliingia chumbani kwake. Mdogo wangu alikuwa anakunja mablanketi. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuchua, na hewa ilikuwa imelala. Nikamuuliza kwa ukali, maana hata msibani ukali sikuuacha, kwa nini hakumwita hata jirani mmoja wakalisukuma dirisha lile lililokwama.

"Lilikwama lini, kaka?" akasema. "Nilitaka kulifungua siku ya kwanza tu. Nilinyoosha mkono, akanishika. Akasema, acha, fundi amekataza, tumwite mwenyewe."

"Na wewe ukamsikiliza?"

"Nilimwambia nitalifungua tu. Akasema, utamkasirisha, halafu asije."

Akaendelea kukunja. Akaniambia kwamba kila asubuhi mama aligeuza uso kwenye kioo kile kilichokwaruzwa, akauliza ziwa likoje leo, naye akatoka nje kwenda kulitazama na kurudi kumweleza. Kifua kilipozidi alikuwa akiuliza, fundi amefika wapi?

Nilikwenda dirishani. Niliweka kidole kwenye fremu, pale mkono wake ulipochubua rangi, nikasukuma. Likateleza lote mpaka mwisho, bila mlio. Upepo wa ziwa ukaingia ukainua shuka kwenye kitanda kitupu. Kwa mazoea ya kazi niliinama kukagua reli, na hapakuwa na hata punje moja ya mchanga.