Mhariri Alilipenda Wingu

Mhariri alilipenda wingu. Hilo sikatai, na ndilo lililonipumbaza mwanzoni, maana nilidhani mtu akilipenda wingu atampenda na mwenye wingu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni na redio za kila namna, na magazeti ya watu binafsi yakawa yanaota kama uyoga. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu. Mchana nilipiga barua za wakubwa. Jioni, wakishaondoka, nilipiga hadithi zangu kwa mashine ileile. Niliyoipenda kuliko zote ilimhusu shangazi yangu wa kijijini Mlali.

Kisa alinipa mwenyewe. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, mvua iligoma kabisa, na wanawake wa pale wakafanya kama desturi ya Wagogo inavyotaka. Walivaa nguo za waume zao, wakashika fimbo, wakaenda kuchunga ng'ombe. Wanaume walibaki nyumbani wamenyamaza, na hata wakitukanwa hawakuruhusiwa kujibu. Shangazi alitangulia mbele ya wote, ndani ya suruali na koti la mumewe, akimtukana mume huyohuyo kwa mambo aliyoyaweka moyoni tangu siku ya harusi. Mvua ilinyesha.

"Andika, mama," aliniambia nilipomwomba ruhusa. "Lakini uniandike mimi. Usije ukaniwekea mwanamke mwingine nisiyemjua." Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimwahidi kwamba ikichapishwa nitakwenda kumsomea.

Ajabu niliiongeza mimi. Katika hadithi yangu, wingu moja dogo linamfuata shangazi kutoka machungani, linaingia naye uani na kukataa kuondoka. Linamlowesha uwele alioanika, linamzimia moto wa mlenda. Shangazi analigombeza, analitandika fimbo, analiuliza kama kwao halina kazi. Majirani wanakuja kuomba mvua kidogo ya mashamba yao, naye anachagua nani apewe na nani asubiri kwanza, kwa sababu aliwahi kumsema shangazi vibaya kisimani.

Mhariri wa gazeti moja jipya la hadithi alikuja kutoka Dar es Salaam wakati wa kikao cha Bunge, tukakutana kwenye mgahawa karibu na stendi. Alikuwa mchangamfu, siwezi kumsingizia.

"Dada, wingu hili ni kiboko," alisema. "Ila huyu mama anaongea mno. Huu ni uhalisia mazingaombwe, na unaishi kwa mandhari. Nipe vumbi. Nipe upepo wa Dodoma. Nipe ukimya. Mood, dada! Mtu anayegomba kila aya anaiharibu."

"Wingu linamfuata kwa sababu ya huo mdomo wake," nikamwambia.

"Msomaji hahitaji sababu. Ajabu ni ajabu."

Hasira ilinipanda, na haijashuka vizuri hadi leo. Wingu likitua uani kwa mtu nisiyemfahamu, hiyo ni taarifa ya hali ya hewa. Likitua kwa mwanamke mwenye uwele wa kuanika na jirani wa kununiana naye, hapo nataka kujua atafanya nini, na nikitaka kujua atafanya nini, wingu nimeshaliamini bila kuambiwa. Nilimweleza hivyo, tena kwa sauti iliyowageuza watu wa meza ya pili. Yeye alitazama nje, kwenye vumbi. Wageni wengi ndivyo wanavyotuona huku. Wanashuka kwenye basi, wanaziba pua, wanasema pamekauka kweli, na kuanzia hapo sisi wenyewe tunakuwa sehemu ya ukavu, kama miiba. Nilimwambia asiondoe neno bila kuniuliza. Alicheka, akasema nisiwe na wasiwasi, atagusa kidogo tu.

Gazeti lilipofika Dodoma nililisomea palepale lilipouzwa, nimesimama juani. Vumbi lilikuwa safu nzima, na liliandikwa vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Wingu lilikuwepo. Lakini suruali na koti alikuwa amevaa mume, mume ndiye aliyekwenda machungani, na wingu lilimfuata mume. Mwanamke alisimama mlangoni akilia, wala hakusema neno lolote mpaka mwisho. Chini yake jina langu.

Nilimpigia kwa simu ya ofisi, nikamuuliza suruali ilifikaje kwa mume.

"Lile kosa?" alisema. "Nilikurekebishia. Ulimvisha mama suruali, akaenda kuchunga. Watu wangecheka."

"Ni desturi. Nimeieleza ukurasa wa kwanza."

"Aa, ule ulikuwa na maneno mengi, niliutoa." Kisha akauliza, "Lakini mood umeiona?"

Nilikata simu.

Jumamosi nilikwenda Mlali na nakala mbili kwenye mkoba, ya gazeti na ile niliyoipiga mwenyewe. Nilikusudia kumsomea yangu. Nilimkuta ameshawaita wanawake wenzake, wale wale waliovaa suruali mwaka ule, wameketi uani kwenye mikeka, wamevaa nguo safi. Nilimwamkia, akaniitikia, na kabla sijakaa nikamweleza kwamba gazetini wamebadilisha mambo, ila ninayo pia ile niliyoipiga mwenyewe.

"Watu watasoma ipi?" akauliza.

"Ya gazeti, shangazi."

"Basi tusomee hiyo."

Nikasoma. Nilisoma vibaya makusudi, harakaharaka, nikitaka vumbi lipite tuingie ndani, lakini vumbi halikuisha. Wenzake walitazamana, mmoja akaanza kusema kitu, shangazi akamzuia kwa mkono. Nilipofika mwisho alikaa kimya. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, na niliona uchungu mkubwa, kwa sababu sasa alikuwa amefanana na yule wa gazetini.

"Huyo wa mlangoni," alisema, "ndiye mimi?"

"Ndiye, shangazi."

"Nalilia nini?"

Nilirudi kwenye ukurasa. Nikapitia vumbi lote, upepo wote, jua lote, kidole kikiwa juu ya mistari, wanawake wote wakinisubiri. Haikuandikwa popote analilia nini.