Gari Lililounguruma Mlangoni Siku ya Posa

Nakumbuka siku moja vikombe vya kahawa vilitembea vyenyewe juu ya sinia, nyumbani kwetu Mtaa wa Narung'ombe, na hakuna mtu aliyevigusa. Nimeikumbuka leo, mwanangu, nilipokuona unaingiza kigari chako uani. Umetoka Mbagala mbio, umekanyaga breki, umezima hapo hapo, umeshuka unachezesha ufunguo kidoleni. Kaa kwanza. Chai ipo.

Siku hiyo nilikuwa naposwa. Zilikuwa enzi za ruksa, nchi ndiyo kwanza imefungua milango. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ilijaa mpaka vibarazani, na magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo yalishushwa bandarini kila kukicha. Mwenye gari, hata liwe bovu, alipishwa kiti msibani. Aliyekuja kuniposa ni Saidi, baba yako huyo anayekoroma chumbani, kijana wa Lindi aliyeuza vipuri dukani kwa Mhindi mmoja pale Msimbazi.

Shangazi yangu Mwajuma hakumtaka. Yeye alikuwa na mtu wake, mwenye duka la vyombo, mpole, mnene, na nyumbani kwake kuna friji. Alishaniambia wazi kwamba huyo wa Lindi akikosea hata salamu, barua yake ya posa inarudi naye. Na shangazi akisema neno nyumbani kwetu, Baba alikuwa anaitikia tu. Kwa hiyo nilikaa nyuma ya pazia roho mkononi. Nilimpenda Saidi, sifichi, na lile friji nilikuwa nimeshaanza kulichukia.

Mila unaijua: anayeposa haingii ndani, wanaingia wazee wake. Lakini katika ukoo wao hakuna mwingine aliyejua kuendesha, basi Saidi akawaleta mwenyewe, wazee wanne wamebanana ndani ya gari dogo la dizeli. Injini yenyewe lita moja, silinda tatu. Ila ilikuwa na tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa ndani na kuipa nguvu. Mafuta lilikuwa linanusa tu. Kwa kutikisika likisimama, hapo ndipo lilipokuwa na kasoro. Walikuwa wamechelewa, na mjomba wake, Mzee Mchopa, ambaye ndiye mshenga, alimhimiza njia nzima akanyage.

Wazee wakashuka, wakapiga hodi, wakakaribishwa. Saidi alibaki kwenye usukani, na gari halikuzimwa. Lilibaki chini ya dirisha la sebule linaunguruma, na vikombe vikaanza safari yao.

Mzee Mchopa akapaza sauti kuushinda ule mlio. "Kijana wetu hana shida ndogondogo. Hilo gari mnalolisikia ni lake, kwa jasho lake."

Nyuma ya pazia nikavimba kichwa. Saidi hakuwahi kuniambia kwamba gari ni lake. Nami sikuwahi kumuuliza, kwa kuogopa jibu.

Shangazi alikuwa anatazama vikombe. "Wageni gani wanaacha gari linaunguruma mlangoni? Wamekuja kuposa au kukwapua?" Akatupa mtandio begani, akatoka.

Nikahamia dirisha la chumbani, nimwone Saidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Zima."

"Nitazima, shangazi. Naomba dakika chache tu, ipoe."

"Watu wazima wamekaa ndani wanakungoja wewe upoze chuma?" Akaingiza mkono kwenye dirisha la gari, akazungusha ufunguo mwenyewe.

Kimya. Vikombe vikatulia. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Shangazi hajafika hata kizingitini, nikasikia injini inawaka tena.

Mwanangu, nilimtukana baba yako kimoyomoyo matusi ambayo sijawahi kuyarudia. Bomba lilikuwa limeelekea dirishani. Moshi mweusi ukaingia sebuleni, ukatanda juu ya sahani ya halua, Baba akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Shangazi akaingia na uso wa ushindi. "Warudishiwe barua yao," akasema, tena kwa upole, maana hakuwa na haja ya kukasirika tena.

Baba aliokota kofia yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile aliinuka, akaenda nje, akasimama karibu na boneti.

"Kijana, unajua umeshapoteza mke hapa?"

"Najua, mzee."

"Sasa umewasha tena kwa nini?"

Saidi akatazama dirishani. Mjomba wake alikuwa ametoa kichwa, anamkonyeza anyamaze. Baba yako akampa kisogo.

"Gari si langu, mzee. Ni la tajiri yangu, Bwana Jayanti. Aliponiazima nilimwahidi kitu kimoja: nikitoka mbio na mzigo, nisizime mpaka ipoe. Ukizima ghafla, tabo inabaki inazunguka na moto wake, lakini oili haiji tena. Inaungulia humo humo. Leo huoni kitu. Unakuja kuona siku imekufa."

"Na huyo Jayanti yuko hapa?"

"Yuko hekaluni na familia yake."

"Angejua?"

"Asingejua, mzee."

Mzee Mchopa akarudisha kichwa ndani, akaomba maji ya kunywa.

Baba alisimama pale, mikono nyuma, anasikiliza, mpaka ule mlio ukalegea. "Haya, sasa zima." Saidi akazima. Baba akarudi ndani, akaketi.

"Gari la mtu analihofia hivi na mwenyewe hayupo," akasema. "Binti yangu nimpeleke wapi pengine? Na wewe, mzee mwenzangu, ulikuja kuposa. Gari hatukukuuliza."

"Halua inanuka dizeli," shangazi akasema.

"Kula ya chini."

Nililia nyuma ya pazia, na sijui nililia kwa hofu iliyokwisha au kwa furaha iliyoingia.

Siku ya harusi Bwana Jayanti alituazima gari lile lile. Shangazi alikaa mbele. Tulipofika mlangoni kwa bwana harusi, vigelegele vilipigwa mpaka wapigaji wakaishiwa pumzi, mimi nyuma jasho linanifuta wanja, na shangazi ameweka kiganja juu ya ufunguo. "Hashuki mtu," akasema. "Ipoe kwanza."

Sasa nisikilize, mwanangu. Hilo gari lako nalo ni la dizeli, tena lina tabo. Asubuhi ukiliwasha, usilikimbize kabla halijapata moto wake. Oili ibadilishwe wakati wake, tena iwe ile inayotakiwa, usimsikilize anayekwambia zote ni sawa. Vumbi la Kariakoo unalijua, basi filta ya hewa itazamwe, tabo haitaki mchanga. Dizeli ya madumu ya bei poa iache, imetiwa mafuta ya taa na nozeli, zile pua za kunyunyizia mafuta, zitalia. Ukifika, kaa kidogo, iache iungurume. Wewe mwenyewe kama umetoka huko na hasira za foleni, poa humo humo garini, usije ukazimaliza kwa mkeo. Na umeahidi jambo, litimize hata kama aliyeahidiwa yuko mbali na anayekugombeza yuko dirishani. Mimi niliolewa kwa ahadi iliyotimizwa hivyo, wala sijajuta.

Mungu akupe chombo kisichokulaza njiani, akupe wakwe wenye masikio, na uzeeni akujalie usingizi wa baba yako. Amina. Sasa kunywa chai, tena nipe huo ufunguo. Kesho unanipeleka Mchikichini, na tukifika, atakayesema zima ni mimi.